Draivu ya Chiriku

Jumatatu hiyo, saa mbili na robo asubuhi, kompyuta ya Bi Chapa ilianza kugonga. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha, anasita, kisha anabisha tena. Bi Chapa alikuwa katikati ya barua ya mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Akaondoa vidole kwenye kibodi, akatega sikio. Kioo kikaganda. Akangoja mpaka subira ikamwishia, akaizima mashine na kuiwasha upya.

Iliwaka kwa kujikongoja. Kwanza kiza, kisha maandishi meupe yaliyosema kuna hitilafu ya diski, kisha asilimia zilizotambaa moja moja. Saa nne kasoro ndipo picha aliyoizoea ilipotokea, naye akashusha pumzi. Alifungua anakoweka kazi zake akazipitia kwa macho: barua za shule zipo, maombi ya kazi yapo, mikataba ya wapangaji ipo, hotuba ya baba wa bwana harusi iliyokuwa ichukuliwe mchana ipo. Hakuna kilichopungua.

Ila kulikuwa na kitu hakikumkaa sawa. Kwa miaka kumi na mmoja, kila alipofungua ukurasa huo aliona draivu tatu. C ilikuwa ya mashine yenyewe, D iliandikwa DADA, na E iliandikwa CHIRIKU. Sasa zilikuwepo C na D, basi.

Alifunga, akafungua tena. C na D.

Kwa miaka saba hakuwahi kuigusa hiyo E hata kwa bahati mbaya. Kuna siku alijiambia aifute ili apate nafasi, akaahirisha, na kuahirisha kukawa mazoea. Lakini alikuwa akiiona kila siku ya kazi, kama mtu anavyoona mlango wa chumba kisichokaliwa ndani ya nyumba yake. Alikaa mbele ya kioo kitambo, mikono mapajani. Mteja wa hotuba ya harusi akaingia, akamkuta hivyo hivyo.

"Bi Chapa, unaumwa?"

"Siumwi. Mashine ndiyo mgonjwa."

Jina la Bi Chapa alilipata kwa kazi ya kupiga chapa. Alianza na mashine za chuma, zile za kugonga kwa nguvu mpaka vidole vinakufa ganzi, zikaja kompyuta, na sasa akiwa na miaka hamsini na tisa bado alikuwa anakula kwa vidole vyake. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake: mlango unaotazama barabara, meza mbili, kabati la karatasi, benchi la wateja. Nyuma ya pazia ndiyo nyumba yenyewe, vyumba viwili na jiko. Mumewe alifariki mapema bila kumwachia mtoto. Ndugu wa tumbo moja alikuwa naye mmoja tu, mdogo wake, ambaye ukoo mzima ulimwita Chiriku tangu ana miaka mitatu kwa sababu hakuwa anafunga mdomo.

Chiriku aliongea na wateja, akaongea na sufuria, akaongea na mvua. Angeweza kupiga chapa hati ya kiwanja huku anamsimulia mwenye kiwanja habari za meno yake, na hati isiwe na kosa hata moja. Bi Chapa yeye alikuwa mtu wa kimya, mwenye kuandika maneno ya watu na kubana ya kwake. Walishika kompyuta moja kwa zamu, na ili kazi zisichanganyike walimwomba fundi aigawe diski: huku za dada mtu, huku za mdogo mtu. Kila mmoja alijua pake, na kwa miaka minne hawakuwahi kugombania hata faili moja.

Ndipo mama yao akaugua. Miezi mitano alikuwa wa kitandani chumba cha nyuma, na dawa yake ilikuwa mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Bi Chapa akashika kazi ya mbele ili nyumba isilale njaa, Chiriku akashika ya nyuma. Hawakukaa kitako wakapanga hivyo. Mambo yalijiendea tu.

Siku ya mwisho Bi Chapa alikuwa amekwenda kupeleka mitihani shuleni. Aliporudi saa kumi alasiri alimkuta Chiriku amelala fofofo kwenye mkeka kando ya kitanda, na mama anahema kwa shida. Juu ya kimeza, ndani ya kifuniko cha chupa, palikuwa na kidonge kimoja cheupe. Jua halijazama, mama akakata roho.

Kidonge hicho kingeweza kuwa cha saa nane, ambacho mama hakupewa. Kingeweza vilevile kuwa cha saa nne usiku, maana Chiriku alikuwa na tabia ya kutanguliza kidonge kinachofuata kwenye kifuniko ili asihangaike na chupa gizani. Bi Chapa hakuuliza. Siku ya tatu baada ya maziko, shangazi na wajomba wakiwa bado wamejaa nyumbani, wanatenga vyombo vya kurudishwa kwa majirani, alisema mbele ya wote:

"Wewe umemuua mama kwa usingizi wako."

Kila mtu akamgeukia Chiriku, akingojea mdomo wake. Chiriku hakutia neno. Alimaliza kulifuta sinia alilokuwa ameshika, akaliweka juu ya mengine, akachukua lingine. Asubuhi yake aliondoka na begi moja, akaenda mji wa mbali alikokuwa na rafiki aliyesoma naye. Tangu hapo, ikiwa ni msiba au harusi, mmoja akisikia mwenzake yupo, yeye hutoa udhuru.

*

Fundi alikuwa mtaa wa pili, chini ya ngazi za jengo la ghorofa, kichumba ambacho mtu mrefu lazima ainame. Watu walimwita Bisibisi kwa sababu ya bisibisi aliyoichomeka nyuma ya sikio saa zote, hata siku za kwenda kuzika. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu. Bi Chapa alibeba mashine yake kifuani, ameifunika kwa shuka, akaitua juu ya meza yake.

Bisibisi aliifungua, akatoa diski, akaiunganisha kwenye mashine yake, kisha akaisogezea sikio kama daktari.

"Umeiwasha mara ngapi tangu ianze hivi?"

"Mara tatu. Nne."

"Usiiwashe tena. Kila ikizunguka inazidi kujikwaruza." Akabonyezabonyeza, akasubiri, akabadilisha miwani. "Bahati yako nzuri. Kazi zako zote ni nzima. Iliyopotea ni hii ya mwisho, E. Unaitumia?"

"Hapana."

"Basi rahisi. Nakununulia diski mpya, nahamisha C na D, na hiyo nafasi ya E naiunganisha na D yako. Kesho jioni uje uchukue. Utapata mahali pakubwa."

Hilo ndilo jambo ambalo Bi Chapa alikuwa analiahirisha miaka yote, na sasa mtu mwingine yuko tayari kumfanyia. Alifungua kinywa aseme sawa. Badala yake akasikia anauliza:

"Imekufa, au haionekani tu?"

Bisibisi akamtazama. Alipenda kuulizwa swali kama hilo; wateja wake wengi waliuliza lini tu.

"Ngoja nikueleze. Diski ni moja, mama. Hizi C, D, E ni mipaka tuliyochora sisi, mafundi tunaita patisheni. Sasa D na E zako ni draivu za ndani, zimeshikana mkia kwa kichwa. Mwanzo wa D pameandikwa: mimi naishia hapa, mwenzangu anaanzia pale. Mashine ikienda pale, inakuta mwanzo wa E, inasoma, inakuonyesha. Safari hii imekwenda pale ikakuta sekta, yaani kipande kidogo cha diski, imeharibika. Inasoma, inashindwa. Inarudia, inashindwa. Huko kugonga unakosikia ndiko kurudia kwenyewe. Mwisho inachoka, inajiambia hakuna kitu."

"Na kitu kipo?"

"Kinaweza kuwepo chote. Kinaweza kuwa nusu. Huu mwanzo umekufa juzi juzi, lakini huko ndani sijui. Sehemu isiyofunguliwa ina tabu hiyo. Inaweza kuoza miaka mitatu na hakuna anayejua, maana hakuna anayeisoma ikamlalamikia."

Alisema hivyo huku anatafuta skrubu iliyomponyoka, hakumwona Bi Chapa alivyokaza shuka lake mkononi.

"Si yangu," Bi Chapa alisema. "Ni ya mdogo wangu."

"Basi yeye ndiye wa kuulizwa. Kuokoa naweza kujaribu, itanichukua siku tatu nne. Nanakili diski nzima, sekta kwa sekta, palipokufa naruka. Halafu natafuta E inaanzia wapi, naiandikia mwanzo mpya. Ila nikimaliza lazima nifungue mafaili machache nione kama yamepona. Ya mtu sifungui bila ruhusa. Niliwahi kufanya hivyo, nikaona nisichotakiwa kuona, na mpaka leo yule bwana nikikutana naye njiani tunapishana kama tuna ugomvi." Akaokota skrubu yake. "Mpigie."

"Nitampigia," Bi Chapa alisema.

*

Hakumpigia siku hiyo, wala ya pili yake.

Chumba cha mbele bila kompyuta kilikuwa kikubwa kuliko alivyokijua. Alifungua mlango saa mbili kama kawaida kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Wateja waliingia, akawaambia mashine iko kwa fundi, wakasema pole, wakatoka. Kati ya mteja na mteja palikuwa na saa nzima, na ndani ya saa hiyo hapakuwa na sauti ila ya jokofu kule jikoni. Alipanga karatasi upya. Alifuta meza ya pili, ile isiyokaliwa, akagundua droo yake imejaa vifuniko vya kalamu. Chiriku alikuwa anavitafuna akiwaza.

Akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alizungumza na mtu jambo ambalo si la kuandikwa. Akafika mpaka wiki iliyopita, akafika mwezi uliopita, akaacha.

Jumatano mchana, baada ya kula wali wa jana akiwa amesimama, alipiga moyo konde. Namba ya Chiriku ilikuwa kwenye kidaftari chake, kwa wino uliopauka. Hakutegemea kuwa bado inatumika. Simu iliita mara sita.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Sauti ilikuwa ileile. Lililomchoma ni swali. Chiriku alikuwa ameifuta namba yake.

"Ni mimi."

Bi Chapa akaitoa simu sikioni kuona kama imekatika, akairudisha.

"Dada," Chiriku alisema mwishoni. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Wote wazima. Ni kompyuta."

"Kompyuta."

"Imeharibika diski. Yangu iko salama, ila E haionekani. Fundi anasema anaweza kuitafuta, lakini mpaka wewe uruhusu. Kwa sababu ni mali yako."

"E?" Chiriku alisema polepole. "Bado ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Mimi nilijua uliifuta siku ileile niliyoondoka. Nilikuwa kituoni nasubiri gari, najiambia, saa hii amekaa, anafuta."

"Sikuigusa."

"Ulikuwa unasoma?"

"Sikuigusa, nimekwambia. Wala sikufungua."

Upande wa pili kukasikika mlango ukifungwa, na zogo lililokuwa nyuma yake likapungua. Alikuwa kazini, pengine. Bi Chapa hakujua mdogo wake anafanya kazi gani sasa, na aliona haya kuuliza.

"Mwambie afungue," Chiriku alisema. "Mengi humo ni takataka, barua za watu. Ila kuna faili linaitwa dawa za mama. Nilikuwa naandika kila kidonge, saa ngapi na nani kampa. Wewe ukiinuka kwenye kiti, mimi nakaa naandika. Ulikuwa unanigombeza kwamba nachezea umeme."

Bi Chapa alikumbuka kumgombeza. Alikumbuka hata maneno.

"Likipona, lisome," Chiriku alisema. "Halafu utajua." Akakata simu bila kuaga, yeye ambaye zamani kuaga kwake kulikuwa kunamchukua robo saa.

*

Jioni hiyo Bi Chapa alimfikishia Bisibisi ruhusa na jina la faili, na siku tatu zilizofuata hakupata raha ya kukaa wala ya kusimama. Kila kidonge, saa ngapi na nani kampa. Miaka saba alikuwa ameibeba siku ile kama kesi iliyokwisha kuamuliwa, na kumbe ushahidi ulikuwa chumbani kwake, mashine ileile, vidole vinne kutoka mahali alipoweka mikono kila asubuhi. Kama kidonge cha saa nane kilitolewa, basi alimfukuza ndugu yake kwa uongo mbele ya ukoo. Kama hakikutolewa, alikuwa na haki. Alijipima moyoni anataka lipi, akaona hataki lolote kati ya hayo mawili.

Jumamosi asubuhi Bisibisi alimtumia ujumbe aende.

Alimkuta ameinamia kioo, uso wa mtu aliyefanya kazi nzuri lakini hana habari nzuri yote. E ilikuwa imerudi. Ilikuwa hapo, mstari wa tatu, na jina lake lilelile.

"Nimeipata yenyewe," Bisibisi alisema. "Mafaili kama mia nne. Mia tatu na ushee ni mazima kabisa. Mengine yameumia. Hilo ulilonitajia lipo, linafunguka, ila ni nusu. Mwisho wake uliangukia mahali palipokufa. Nimejaribu mara nyingi, siku nzima ya jana ilikuwa hiyo kazi tu. Palikuwa na mashimo, hakuna cha kusoma."

"Limeishia wapi?"

"Tazama mwenyewe. Mimi nakwenda kununua chai." Akainama, akatoka chini ya ngazi, akamwachia kichumba.

Lilikuwa faili la maandishi matupu, bila mapambo. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa, dawa, na mwisho herufi moja: C kwa Chiriku, D kwa dada. Bi Chapa akashuka moja kwa moja mpaka chini. Mistari ilikwenda vizuri mpaka tarehe kumi na moja, saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya hapo vilianza viboksi vitupu, safu baada ya safu, mpaka mwisho wa ukurasa. Mama alifariki tarehe kumi na tisa ya mwezi huohuo.

Alivitazama viboksi hivyo kwa muda mrefu, kana kwamba akikaza macho vingesomeka. Kisha, kwa sababu alikuwa ameshafika na hakuwa na pengine pa kwenda, alirudi juu kabisa akaanza kusoma tangu mwanzo.

Saa kumi na mbili asubuhi, C. Saa nane, C. Saa nne usiku, C. Saa kumi na mbili, C. Pembeni mwa baadhi ya mistari Chiriku aliandika neno moja mawili: *ametapika, nimerudia. Amekataa, nimemwimbia. Amecheka leo.* Saa nane, C. Saa nne usiku, C. *Hajalala. Sijalala.* Saa kumi na mbili, C. Mistari ilipita na kupita, na herufi ya mwisho ilikuwa ileile, mpaka jicho la Bi Chapa likaanza kuitafuta D kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Aliipata ya kwanza mwezi wa pili wa ugonjwa. Ya pili ilikuwa wiki tatu baadaye. Alipofika tena kwenye viboksi alikuwa amezipata nne.

Miezi mitano, mara tatu kwa siku, ndani ya nyumba moja, pazia moja katikati. Mara nne.

Siku zote alijihesabu kuwa walimuuguza mama wawili. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu, na hivyo ndivyo alivyojiambia mwenyewe. Aliketi pale kwenye kistuli cha fundi, kati ya mashine zilizopasuliwa matumbo, akalia bila sauti. Bisibisi aliporudi na vikombe viwili, alichungulia, akageuka, akaenda kunywa chai yake barabarani.

Baadaye alipoingia aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kazi: "Kwenye diski mpya, niweke vilevile? Au nifanye moja?"

"Vilevile," Bi Chapa alisema.

*

Alipiga simu siku hiyohiyo, mchana, akiwa chumba cha mbele na mlango ameurudisha. Safari hii iliita mara moja.

"Nimelisoma," alisema.

"Ehe."

"Limeishia tarehe kumi na moja. Mbele ya hapo limeharibika. Fundi amejaribu, haikuwezekana."

Bi Chapa alisikia pumzi za Chiriku.

"Sijui ulimpa au hukumpa," Bi Chapa aliendelea, "na sikupigii kukuuliza. Nilichokiona kinanitosha. Mimi nimeandikwa mara nne, mdogo wangu. Miezi mitano, mara nne."

"Tano," Chiriku alisema. "Moja sikuiandika. Nilikuwa nimekukasirikia."

Kicheko kilimtoka Bi Chapa kikiwa kimechanganyika na kilio, na kikakatika njiani. Chiriku hakucheka.

"Hata lingefunguka lote usingepata kitu," Chiriku alisema. "Siku ile sikuandika. Sikumpa, dada. Ya saa nane. Nilikaa pale mkekani saa saba, nikasema nifumbe macho dakika kumi. Nilikuwa sijalala siku mbili. Nilipoamka nilikuona wewe umesimama."

Bi Chapa alishika ukingo wa meza.

"Uliposema vile mbele ya watu," Chiriku akasema, "nilikuwa na maneno mengi. Unanijua. Lakini yote yalikuwa ya kujitetea, na nilikuwa najua ni kweli. Nikaona bora nifute masinia."

"Si mimi niliyestahili kusema vile. Niliyempa mara nne."

"Tano."

"Tano."

"Nilimwuliza daktari baadaye. Nilirudi kwake peke yangu. Aliniambia kidonge kimoja kisingebadilisha kitu, mama alikuwa ameshafika. Akaniambia tena na tena." Sauti ilishuka. "Mpaka leo simwamini. Kuna siku namwamini asubuhi, ikifika saa nane mchana simwamini tena."

Miaka yote Bi Chapa alikuwa amedhani akija kujua kwamba hakukosea, atapumua. Sasa alijua, na kifua kilikuwa palepale. Alichokuwa amepata ni mtu mmoja zaidi aliyekaa peke yake na jambo lilelile, mji wa mbali, kila siku saa nane.

"Njoo uchukue mafaili yako," alisema. "Au nije mimi."

"Nitaona," Chiriku alisema. "Usinisukume, dada. Nitaona."

*

Wiki zikapita. Bi Chapa alirudi kwenye kazi zake: barua, mikataba, mitihani ya muhula. Mashine ilikuwa nyepesi sasa, inawaka kabla hajavuta kiti. Bisibisi alimpa ile diski ya zamani ndani ya bahasha ya plastiki, akamwambia isitumike tena kwa lolote. Aliiweka kabatini.

Chiriku alikuja mwezi wa tatu baada ya simu ile, siku ya Ijumaa, bila kutoa taarifa. Bi Chapa alikuwa anapiga chapa wosia wa mzee mmoja aliyekaa benchini, akainua uso akamwona mlangoni. Amenenepa kidogo, nywele za mbele zimeota mvi, mkononi mkoba wa dukani. Hawakukumbatiana, maana mteja alikuwepo.

"Maliza kwanza," Chiriku alisema, akaketi kwenye meza ya pili.

Bi Chapa alimaliza, akikosea mara mbili jina la mtoto wa kwanza wa yule mzee. Mteja alipoondoka walipita nyuma ya pazia. Chiriku alisimama mlangoni mwa chumba cha mama, hakuingia. Walipika, wakala. Walizungumza habari za shangazi anayeumwa miguu, na jirani aliyeuza nyumba, na kazi ya Chiriku, ambayo ilikuwa mapokezi ya hospitali, kuandikisha wagonjwa. Bi Chapa alijaribu kumwomba msamaha sawasawa, kwa maneno aliyokuwa ameyapanga moyoni wiki zote hizo. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho, akasema nimekusikia, akainuka kuosha vyombo. Hakuongea na sufuria.

Saa tisa alinakili mafaili yake kwenye flashi, kifimbo kidogo cha kuhifadhia mafaili alichokuja nacho. Lile la dawa alilinakili pia, lakini hakulifungua.

"Hii nafasi sasa unaweza kuichukua," alisema, akionyesha kioo. "Mimi nimeshatoa."

"Siihitaji," Bi Chapa alisema. "Ninayo ya kutosha."

Alimsindikiza mpaka kituoni. Gari lilikuja mapema kuliko walivyodhani, na lilipoanza kuondoka Chiriku alisema kitu dirishani ambacho Bi Chapa hakukisikia kwa ajili ya mlio wa injini. Alipunga mkono tu, akiitikia kwa kichwa kama aliyesikia.

Jumapili yake Chiriku alipiga simu kusema alifika salama. Waliongea dakika nne. Jumapili iliyofuata hakupiga, akapiga ya mbele yake. Hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa: mara anapiga, mara hapigi, na Bi Chapa akipiga yeye, mara inapokelewa, mara haipokelewi. Maneno yalikuwa machache, na kwa Chiriku yule wa zamani yangekuwa ya kuanzia tu. Jioni Bi Chapa alifunga mlango wa barabarani, akazima taa ya chumba cha mbele, akaenda jikoni kupika chakula cha mtu mmoja. Alikuwa mpweke kama alivyokuwa mwaka jana na mwaka juzi, ila siku hizi, ikifika saa nane mchana, aliacha kuchapa kwa dakika moja hivi, akamfikiria.